Kabla ya kununua spika za pikapu, fungua mlango kwanza

Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, na siku zote za kazi natoka nayo Mbezi Mwisho kwenda Kariakoo na kurudi. Ukiijua Barabara ya Morogoro asubuhi, unajua pia muda ninaokaa mle ndani. Muziki kwangu si pambo. Napenda dansi la zamani, magitaa matatu yakisikilizana, na taarabu ambayo unataka usikie ala ya kanuni na fidla kila moja mahali pake. Spika nilizokuta kwenye gari hazikuweza hilo: koni ya karatasi, sumaku ndogo, na sauti iliyoanza kukwaruza masika ya kwanza.

Mara ya kwanza nilikosea, na ilinigharimu. Nilishuka Kariakoo, nikachukua spika mbili zilizoandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, nikafungiwa palepale barabarani. Kijana alikata soketi ya gari, akasokota waya na kuzifunga selotepu, kisha akachonga duara la plaiwudi la kushikia spika. Niliporudi nyumbani sauti ya juu ilikuwa inachoma masikio, besi hakuna, na mlango mzima unatetemeka. Mvua zilipokuja plaiwudi ikavimba, skrubu zikalegea.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima wa Ilala. Hakuniuzia kitu. Alitoa kava la ndani la mlango, akanionyesha matundu makubwa kwenye bati, akaniuliza, "Mwanangu, sauti ya nyuma ya spika inakwenda wapi?" Hapo ndipo nilipoelewa. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Mlango ukiwa na matundu, hewa ya nyuma inapita na kukutana na ya mbele, zinauana, na besi ndiyo inayopotea zaidi. Unaweza kufunga spika ya bei yoyote kwenye mlango wa namna hiyo na bado ukasikia redio ya mkulima.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye mlango. Tafuta shiti za butili, zile zenye karatasi ya alumini upande mmoja na gundi nzito nyeusi upande wa pili. Usikubali zile za lami za kuzibia paa. Gari likianikwa juani hapa Dar, lami inalainika, inateremka na kunuka ndani ya gari. Safisha bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha ukandamize shiti kwa rola ndogo hadi ishike kabisa. Bati la nje halihitaji kufunikwa lote. Mimi nilifunika kama nusu, katikati. Ligonge kwa kidole kabla na baada: kwanza linalia kama debe, baadaye linajibu kama ubao. Halafu ziba matundu ya bati la ndani. Lakini vitundu vya chini kabisa ya mlango, tafadhali viache wazi. Maji ya mvua huingia kwenye mlango kupitia kwenye kioo, na hapo ndipo yanapotokea. Ukiviziba, mlango utaoza kutoka ndani.

Sababu hiyohiyo ya maji ndiyo inayonifanya nikatae koni za karatasi na duara za mbao. Chukua koni ya plastiki, ukingo wa mpira badala ya sponji, na kishikio cha plastiki cha gari lako. Wati zilizoandikwa kwa mbwembwe usizisome. Soma zile zenye alama ya RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo. Redio yenyewe, hata ikiandikwa 50 mara 4, huwa inatoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Kama huna mpango wa amplifaya, tafuta spika yenye usikivu (ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ndogo ileile) wa desibeli 90 au zaidi, yenye ukinzani wa omu 4. Hiyo italia vizuri kwa nguvu ndogo.

Soketi ya gari isikatwe. Adapta zipo na hazina bei kubwa. Na kabla ya kurudisha kava, hakikisha chanya na hasi ziko sawa pande zote: gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za spika kwa sekunde moja. Chanya ikiwa kwenye chanya, koni inatoka nje. Upande mmoja ukigeuzwa, besi inakimbia tena na utalaumu spika bure.

Miezi kadhaa baadaye niliongeza amplifaya ya wati 50 kwa kila chaneli, chaneli nne. Hapa nakuomba uwe makini kuliko popote, kwa sababu waya ya kutoka kwenye betri ikichubuka bila fyuzi inawasha gari moto. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Yangu ni ya ampea 30, na waya ni ya shaba ya milimita za mraba 10. Madukani kuna waya nyingi za alumini zilizopakwa shaba. Kwangua kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Waya ya hasi iwe fupi, na pale inapofungwa, rangi ya bodi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Nyaya za sauti nilizipitisha upande wa pili wa gari, mbali na za umeme. Ukisikia mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta, anza kukagua hiyo hasi.

Kwenye amplifaya nilikata besi iliyo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) isiende kwenye milango, nikaiachia sabufa bapa ya inchi 8 chini ya siti ya nyuma. Spika za milango ya nyuma sikuzigusa, nimezipunguza tu sauti. Hela yake niliona heri iende mbele, ninapokaa.

Masika yaliyofuata nilifungua tena mlango wa dereva kukagua. Chini kulikuwa na unyevu na mchanga kidogo, vitundu viko wazi, koni kavu, skrubu hazijasogea. Nikarudisha kava na kuingia barabarani, na pale Kimara, foleni ikiwa imesimama na mvua inapiga bodi, nilikuwa nalisikia gitaa la besi noti kwa noti.