Maswali ya Wasomaji: Kaunta ya Barafu, Bilauri ya Barafu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na zinahusu zile baa za ughaibuni ambazo kaunta, viti na hata bilauri ni barafu tupu. Kuna wanaokwenda kutembea, kuna anayetaka kuifungua ya kwake. Tumejibu tulizoweza.

Mimi na mume wangu tutapita Amsterdam tukitokea KIA, na tuna siku mbili za kuzunguka mjini. Tunatamani kuingia baa ya barafu. Baridi yake ikoje, na makoti wanatoa au tubebe yetu? – Mama wa Njiro, Arusha

Mama, asubuhi ya Julai hapo Njiro, mnapotoka na sweta na kulalamika, huwa ni nyuzi 12 au 13 hivi. Friza ya nyumbani hukaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Baa za barafu ziko katikati: ile ya Stockholm iliyofunguliwa 2002 huwekwa kati ya nyuzi 5 na 7 chini ya sifuri, na Xtracold ya Amsterdam hushuka hadi 10. Hakuna upepo ndani, na hilo ndilo linalofanya ivumilike.

Koti wanatoa, kwa kawaida joho zito lenye kofia pamoja na glavu, na linavaliwa juu ya nguo zako. Kwa hiyo usivae koti nene la kwako, halitaingia chini ya lao. Fulana ya mikono mirefu na sweta vinatosha juu. Taabu iko chini. Joho huishia magotini, na sakafu haina huruma. Vaa suruali, au taitsi nzito ndani ya sketi, na viatu vya kufunika vyenye soli nene ya mpira iliyochimbika. Ndala na viatu vya kisigino viacheni hotelini.

Soksi ndizo watu huzikosea. Ukishatembea mjini nusu siku, soksi ya pamba imeshanyonya jasho, na soksi yenye unyevu hupitisha joto la mguu nje haraka kuliko soksi kavu. Beba jozi ya sufu kwenye mkoba, uivae dakika chache kabla ya kuingia. Zile wanazovaa wapanda mlima zinafaa. Soko la Memorial pale Moshi hupatikana mitumba yake. Jozi moja tu. Ukivaa mbili kiatu kikabana, damu haizunguki vizuri na vidole vitaganda mapema.

Tiketi nyingi huuzwa kwa saa maalumu, na ndani ya bei kuna kinywaji kimoja au zaidi. Hesabuni nusu saa hadi dakika 45 ndani. Fikeni robo saa kabla, maana kuvaa joho na glavu kuna foleni yake. Wengi hutoka hata muda haujaisha.

Kijana wangu karudi Stockholm anasema bia hakuna, ni pombe kali tu. Sisi wengine hatunywi kilevi kabisa. Tutakunywa nini humo? – Baba wa Majengo, Moshi

Bia ya asilimia 5 huanza kuganda ikifika nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Katika chumba cha nyuzi 5 chini, chupa ikikaa itageuka uji, kisha itapasuka. Vodka ya asilimia 40 haigandi mpaka ikaribie nyuzi 27 chini, ndiyo maana inatawala humo. Soda na juisi huganda mapema zaidi ya bia, kwenye nyuzi 1 au 2 chini tu, kwa hiyo hazihifadhiwi humo ndani. Huchanganywa na kupewa mteja papo hapo.

Mzee wangu, sema mapema, pale mnapokata tiketi, kwamba unataka mchanganyiko usio na kilevi. Wanazo juisi zilizokolezwa shira, na sukari hiyo inasaidia kuchelewesha kuganda. Usikae nayo ukipiga soga, inywe. Kama safari yako ni ya Dubai, Chillout iliyofunguliwa 2007 ndani ya Times Square Center haiuzi kilevi.

Kuhusu bilauri ya barafu: ishike kwa mikono miwili yenye glavu, na uitelezeshe kwenye kaunta badala ya kuigongesha, kwa sababu kingo zake humeguka. Ukingo mkavu wa barafu unaweza kunasa mdomo, maana mate huganda pale yanapogusa. Lowesha kwanza ukingo kwa kinywaji chenyewe, au paka mdomo mafuta. Ukinasa usivute, hemea hewa ya moto kinywani mpaka uachie wenyewe. Kinywaji cha moto hakitiwi humo kamwe, bilauri itapasuka mkononi.

Nina mtoto mwenye sikoseli, miaka 14. Tutakuwa Dubai na ndugu zangu na wote wanataka kwenda. Je, akivaa vizuri? – Dada wa Sakina, Arusha

Asiingie. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, na seli zenye umbo la mundu hukwama humo. Hivyo ndivyo maumivu makali ya sikoseli yanavyoweza kuanza. Joho hilo halimfuniki miguu wala uso, na hewa anayovuta ni ya baridi ileile. Mtafutieni starehe nyingine siku hiyo, na mmoja wenu abaki naye, asikae nje peke yake.

Mwenye pumu, mwenye shinikizo la damu lisilotulia na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kabla ya safari. Mwenye pumu akiruhusiwa, dawa yake ya kuvuta ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na pua na mdomo vifunikwe kwa skafu. Na kwa wanywaji wote: pombe hutanua mishipa ya ngozi, unajihisi una joto kumbe ndio unalipoteza. Glasi ndogo ya pombe kali haijawahi kuwa blanketi, hata kama wazee wa Machame watabisha.

Wageni niliowapandisha mlima wamenialika Norwei na wanasema tutaingia baa ya barafu. Simu yangu itapona? – Mwongoza watalii, Moshi

Mangi, nusu ya jibu unalo. Ukilala kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, mita 4,673, simu na betri unazitia ndani ya begi la kulalia usiku kucha kwa sababu betri ikipoa nguvu yake hushuka ghafla na simu huzima ikiwa bado inaonyesha chaji. Apple wanaelekeza iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35, kwa hiyo baa hii tayari iko nje ya mipaka. Iweke mfuko wa ndani wa shati, itoe kwa picha, irudishe. Ikizima, ipashe kwa joto la mwili, itawaka.

Nusu nyingine haipo mlimani, maana kule unashuka taratibu na hewa ni kavu. Hapa unatoka nyuzi 5 chini na kuingia ukumbi wa nyuzi 22 uliojaa pumzi za watu kwa kufungua mlango mmoja. Unyevu wa hewa utatua juu ya kila kitu chako kilichopoa, kama jasho la chupa ya soda mezani, na utatua hata ndani ya simu. Kabla ya kutoka, ukiwa bado kwenye baridi, tia simu na kamera kwenye mfuko wa plastiki unaojifunga, toa hewa, funga. Usiufungue kwa nusu saa. Jasho litatua juu ya plastiki. Usichaji simu mpaka ikauke na kurudi kwenye joto la kawaida. Miwani nayo itafunga ukungu ukitoka, basi simama kando ya mlango, usishuke ngazi huoni.

Nina koldi rumu ya mboga Usa River, mita 4 kwa 5, kimo mita 2.5, inakaa nyuzi 4. Biashara ya mboga imelala. Nataka kuigeuza baa ya barafu kwa watalii. Nianzie wapi? – Mfanyabiashara, Arusha

Anzia kwa fundi wa majokofu, siyo kwa mchonga barafu. Chumba chako kimejengwa kupoza mboga, na kukishusha hadi nyuzi 5 chini si suala la kuzungusha kitasa.

Kwanza sakafu. Chumba cha nyuzi 4 mara nyingi hakina kinga ya joto chini. Ukikiendesha chini ya sifuri miezi kadhaa, udongo wenye unyevu ulio chini utaganda, utavimba na kupandisha zege. Utahitaji kinga ya sakafu, na mara nyingi waya za kupasha joto kidogo chini yake. Kuta nazo, kama ni paneli nyembamba, zibadilishwe. Milimita 100 za poliurethani, lile povu gumu la kuzuia joto, ndiyo pa kuanzia.

Halafu uzito. Kaunta ya barafu yenye urefu wa mita 4, upana sentimita 60 na kimo mita 1.1 ni mita za ujazo 2.64. Mita moja ya ujazo ya barafu ni kilo 917, kwa hiyo una kilo 2,400 na ushee, yaani karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Kugandisha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 5 chini kunahitaji kuondoa joto la takriban uniti 288 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Kompresa inayoondoa uniti moja na nusu ya joto kwa kila uniti ya umeme itakula karibu uniti 190 za LUKU, kabla mteja wa kwanza hajaingia. Ndiyo maana wengi hujenga kaunta tupu ndani na kuivika matofali ya barafu.

Sasa wateja. Wahandisi huhesabu karibu wati 300 kwa mtu mmoja kwenye baridi ya aina hii. Watu 20 ni kilowati 6 za joto, na koldi rumu ya kabichi haikununuliwa kwa hesabu hiyo. Isitoshe watu wanapumua. Chumba chako ni mita za ujazo 50. Watu 20 kwa saa moja bila hewa mpya wataipandisha kabonidayoksaidi hadi asilimia 0.7 hivi, wakati kikomo kinachotumika sana mahali pa kazi, kwa siku nzima ya saa 8, ni 0.5. Lazima uingize hewa ya nje, na hewa hiyo inakuja na joto na unyevu. Punguza watu wawe 10, na muda uwe nusu saa.

Unyevu ndio utakaokutesa kila siku. Kila mlango unapofunguka, hewa yenye mvuke inaingia na kuganda kwenye mapezi ya mashine ya ndani, yaani vile vibati vyembamba ambavyo hewa hupita kati yake ikipozwa. Mapezi yakiziba, hewa haipiti, joto linapanda, nakshi za barafu zinapoteza makali. Jenga chumba kidogo cha kupitia chenye milango miwili, mmoja usifunguke mpaka mwingine ufungwe, na mashine iwe na hita ya kuyeyushia barafu ya mapezi mara kadhaa kwa siku. Aliye ndani aweze kuufungua mlango hata ukiwa umefungwa kwa nje, na pawe na kengele. Hilo halina mjadala.

Umeme ukikatika, toa watu kwanza. Barafu yote hiyo inahitaji joto la uniti 7 tu kutoka nyuzi 5 chini hadi kufika sifuri, na watu 20 peke yao wanaitoa kwa saa moja na kidogo. Chumba kikiwa kitupu na mlango umefungwa, una muda wa kuwasha jenereta bila kukimbia. Kwa maoni yetu, fedha za kufanya yote haya zipigwe hesabu upya. Kaunta ndogo ya barafu kwenye ukumbi wa kawaida kwa usiku mmoja, ikiwa na sinia pana chini na bomba la kutolea maji, itakuonyesha kama wateja wapo.

Tuna kipaimara Desemba. Naweza kutengeneza bilauri za barafu kwa friza ya nyumbani? Nikijaribu, zinatoka nyeupe kama maziwa. – Mama wa Kibosho, Moshi

Weupe huo ni hewa. Maji yakiganda husukuma hewa na chumvichumvi mbele yake, na trei ikiganda kutoka pande zote vinanaswa katikati. Barafu ya Icehotel ya Jukkasjärvi, Sweden, hukatwa Mto Torne, na ni angavu kwa sababu inaganda kutoka juu tu huku maji yakipita chini. Unaweza kuiga: chukua deli dogo, lile boksi la kuta nene la kuuzia lambalamba, litie maji safi ya kunywa, uliweke kwenye friza bila mfuniko. Kuta zinazuia ubaridi, barafu inashuka kutoka juu. Baada ya saa 18 hadi 24, kabla maji ya chini hayajaganda, pindua. Hayo ya chini yamwage. Acha bonge mezani mpaka ukungu wa juu upotee ndipo ukate kwa kisu cha meno. Ukikata likiwa limetoka friza, linapasuka ovyo. Hayo mabonge yapambe sinia.

Bilauri zenyewe hazitakuwa angavu kabisa, lakini watoto hawatajali. Chukua kikombe cha plastiki kikubwa na kingine kidogo, kiasi kwamba kati yao ibaki nafasi ya milimita 8 au zaidi. Mimina maji kidogo kwenye kikubwa, yagande, ndicho kitako. Weka kidogo juu yake, kikandamize kwa kokoto zilizooshwa, jaza maji pembeni ukiacha sentimita 2 juu, maana maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9. Yaache usiku kucha. Kutoa, mimina maji ya bomba ndani ya kikombe kidogo, zungusha kitatoka. Kile cha nje kishike mikononi dakika moja. Usitumie maji ya moto. Zifunge kwenye mifuko, mbali na samaki, au juisi ya mgeni rasmi itanukia sato. Zitoe moja moja wakati wa kugawa, na kila moja iwe juu ya kisahani chenye kitambaa.