Kiingereza cha kwenye simu: wanafunzi wetu hawakichukii, wanaogopa kuchekwa

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi huanza kunipigia, na maneno yao hayatofautiani sana: "Mwalimu, mtoto yuko kidato cha pili, Kiingereza kinampiga chenga. Simu anayo, bando namwekea, lakini kazi yake kuangalia vichekesho tu." Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wengi wanatoka shule za kata, na kundi letu la WhatsApp limekuwa kama darasa la pili. Kwa ninavyowajua vijana hawa, mzazi anayesema mtoto hataki kujifunza hajamsoma vizuri mtoto wake. Anataka, tena sana. Ila hataki kuonekana akijifunza.

Chanzo chake tunakijua wote tuliopita shule za serikali. Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Januari anaingia kidato cha kwanza, na ghafla Baiolojia, Jiografia, Hesabu na Historia zote zimehamia kwenye lugha ambayo hawezi kuombea hata maji ya kunywa. Zipo wiki za mwanzo za kumzoesha, lakini wiki chache haziwezi kubeba mzigo wa miaka. Basi anajifunza kukariri. Atakupa maana ya usanisinuru kwa Kiingereza neno kwa neno kama ilivyo kwenye daftari, ukimwambia aeleze kwa maneno yake anaangalia dari. Na anajifunza kunyamaza, maana akichapia darasa zima linaangua kicheko, na lile kosa linageuka jina lake la utani mpaka amalize kidato cha nne.

Mtoto kama huyo ukimpa simu, usishangae akaipenda. Video haimcheki mtu. Anairudisha nyuma anavyotaka, na hakuna anayeguna.

Nina binti mmoja ambaye darasani hafungui mdomo, macho yako kwenye dawati tu. Usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti akieleza kwa Kiingereza jinsi mama yake anavyopika vitumbua vya kuuza. Nyuma ilisikika televisheni, na mdogo wake akiuliza, "Dada, unaongea na nani?" Mama alikuwa "he" mwanzo mpaka mwisho, jambo lisilonishangaza, kwa kuwa sisi tukisema "anapika" hatulazimiki kuchagua kama ni mama au baba. Lakini alieleza kila kitu kwa mpangilio: kuloweka mchele, kusaga, hamira, tui, hiliki, kungoja uumuke, kisha kikaango. Lugha anayo. Anachokikwepa ni watu.

Sasa ubaya wa maficho ni kwamba yananoga. Ninao vijana wanaofuata kurasa chungu nzima za Kiingereza TikTok, wanahifadhi video za "nitaangalia baadaye", na maneno ya mitaani ya Marekani wanayajua kuliko mimi. Mwambie aandike barua ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa, karatasi inabaki nyeupe. Kutazama kunampa ile raha ya kuhisi anajifunza huku mdomo na mkono vimepumzika. Wengine wana hoja kabisa: "Ticha, NECTA hawanisikilizi nikiongea." Kweli, mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika, siwezi kumbishia. Namwambia tu ajaribu kueleza jambo kwa mdomo kwanza, kisha aliandike, alinganishe na siku alizoanza kwa kuandika moja kwa moja. Mara nyingi mabishano yanaishia hapo.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma hapa, simu yako ikufanye uongee, isiwe ya kutazama tu. Anza na kitu unachokipenda tayari. Kama ni mpira, chukua muhtasari wa mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, zima sauti, utangaze mwenyewe. Kijana wangu mmoja, Arsenal damudamu, alitangaza penalti kwa sentensi tatu zilizonyooka. Ya nne ilikuwa kumtukana mwamuzi, kwa Kiswahili. Nikampa alama za zile tatu.

Kuhusu bando, YouTube inakuruhusu kushusha ubora wa picha hadi 144p. Shusha bila huruma, kwani unachotafuta ni sauti, sura ya mtangazaji haitakufaulisha. Kasi nayo ipunguze hadi 0.75 na uwashe maandishi. BBC Learning English wana vipindi vya dakika sita vyenye maandishi yake: sikiliza kwanza bila kusoma, halafu soma huku unasikiliza, halafu soma kwa sauti ukimfuatisha msemaji. Hiyo ya mwisho usiiruke. Sisi tumezoea kusoma neno kama lilivyoandikwa, ndiyo maana mtu anakutana na "comfortable" na kutamka kila herufi aliyoiona. Kwa masomo yanayofuata mtaala wetu, ingia Shule Direct, jukwaa la masomo mtandaoni la hapahapa nyumbani.

Kisha jirekodi. WhatsApp siku hizi unaweza kujitumia ujumbe mwenyewe. Ongea kidogo kuhusu siku yako, kesho yake usikilize, uchague kosa moja tu la kurekebisha. Ukiyakamata yote kwa mpigo utaichukia sauti yako. Ukishazoea, mtumie rafiki mmoja unayemwamini, kundi litafuata baadaye. Kwenye kundi letu tuna sheria: anayeweka kikaragosi cha kicheko kwenye sauti ya mwenzake, zamu inayofuata ni yake. Vikaragosi vilipungua haraka sana.

Hizi programu za akili bandia kama ChatGPT nazo sizikatazi, ingawa najua wengi mnazitumia kuandikiwa insha. Mwalimu anajua. Mtu wa jana aliyekuwa anahangaika na wakati uliopita leo hawezi kuleta insha iliyopigwa pasi namna ile. Andika yako kwanza, hata kama ni mbovu, kisha iambie ikuonyeshe makosa na kukueleza sababu, bila kukuandikia upya. Marekebisho uyaandike kwa mkono wako kwenye daftari.

Na nyie wazazi. Simu shuleni hairuhusiwi, na wa bweni ndiyo kabisa, kwa hiyo jioni na likizo ndiyo nafasi pekee aliyonayo. Weka masharti ya muda, ni haki yako, lakini usimsimamie begani kila anapofungua mdomo. Kama wewe mwenyewe Kiingereza hukijui, usijitoe. Mwulize jioni amejifunza nini, akueleze kwa Kiswahili. Akiweza kukueleza wewe, ameelewa.

Ila kuna jambo moja naomba muache kabisa. Wageni wamekaa sebuleni, soda zimefunguliwa, mtoto anapita zake kwenda jikoni, na mzazi anaanza: "Hebu njoo uongee Kiingereza mjomba wako asikie ada inavyofanya kazi." Mtoto anaganda, mjomba anacheka, na sauti alizokuwa ananitumia usiku zinakatika wiki nzima. Mwacheni amwamkie mjomba wake shikamoo, aende jikoni.