Paswedi Yako Huenda Haina Kosa: Firefox Ikikurudisha Mlangoni

Wiki iliyopita kijana mmoja msomaji wangu aliniandikia usiku: "Kaka, kesho ndiyo mwisho wa kutuma maombi ya kazi. Naweka paswedi, ukurasa unazunguka, kisha unanirudisha palepale pa kuingilia. Nimebadilisha paswedi, bado." Usiku uleule maombi yake yalipokelewa, na paswedi hatukuigusa. Nimefurahi sana. Naandika haya kwa kuwa najua wanaohangaika hivyo na Firefox, kivinjari cha kufungulia tovuti, ni wengi.

Nilimuuliza swali moja: umekataliwa kwa maneno au kimyakimya? Paswedi ikiwa na kosa, tovuti husema. Isiposema lolote ikakurudisha mlangoni, mara nyingi imeshakupokea na kukupa kidakuzi (cookie), kipande kidogo cha taarifa cha kukutambulisha, ila kivinjari hakikukihifadhi au kimekizuia. Ukurasa unaofuata ukikosa kidakuzi hicho, unakuona mgeni. Hapo hata ukibadilisha paswedi mpaka asubuhi huingii, na tovuti nyingine zitakufungia akaunti kwa kujaribu mno.

Tangu Juni 2022, Firefox ya kompyuta huitengea kila tovuti hifadhi yake ya vidakuzi, ili makampuni ya matangazo yasikufuatilie huku na kule. Ni ulinzi mzuri, nami ndio ulionifanya nisihame. Lakini mfumo unaokuingizia kwenye anwani moja na kukupeleka kufanya kazi kwenye anwani nyingine unaweza kukwama, hasa ukiwa umechagua kiwango kikali cha ulinzi. Kijana wetu alikuwa amekichagua. Alibonyeza alama ya ngao pembeni ya anwani, akazima ulinzi kwa tovuti ile peke yake, akaingia.

Niseme na hili. Niliwahi kupeleka tatizo kama hilo kwenye dawati la msaada la mfumo fulani, nikaeleza kila hatua, nikaambatisha na picha za skrini. Jibu lilikuwa: "Tumia kivinjari kingine." Liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Ndugu zangu, msikubali kufukuzwa hivyo. Anayehama bila kujua kilichomkwamisha atakutana nacho tena huko anakokwenda, na safari hiyo hatakuwa na pa kuhamia. Jifunzeni chombo mnachokitumia. Tunataka kazi za mtandaoni, tunataka wateja wa nje, halafu ukurasa wa kuingilia unatutoa jasho!

Njia ya haraka ya kupima ni dirisha la faragha: Ctrl, Shift na P kwa pamoja. Ukiingia humo bila shida, mtuhumiwa ni vidakuzi vya zamani au programu za nyongeza, hasa za kuzuia matangazo. Rudi kwenye dirisha la kawaida, bonyeza alama ya kufuli pembeni ya anwani, ufute vidakuzi vya tovuti hiyo tu. Ukifuta vyote utatolewa kwenye akaunti zako zote, na nimeona watu wakilia kwa hilo. Isiposaidia, zima nyongeza mojamoja.

Wenye kompyuta za mezani za zamani, kama hizi za steshenari zetu, watazame tarehe kwanza. Ile betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, ikifa, ukizima umeme saa inarudi nyuma miaka mingi. Firefox ikilinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti, inaona cheti hakijaanza kutumika, inakupa onyo. Usilazimishe kupita. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri.

Na kama bado uko kwenye Windows 7, Firefox yako haiwezi kuvuka toleo la 115. Tovuti mpya ikikuonyesha kitufe cha kuingia kisichoitika hata kidogo, hapo huenda tatizo ni uzee wa toleo hilo, si ngao wala vidakuzi. Tafuta kompyuta yenye mfumo mpya zaidi kabla siku ya mwisho ya maombi haijafika.