Wasomaji Wanauliza: Hisabati ya Sekondari na Vifaa Vipya

Barua zinazohusu ufundishaji wa Hisabati zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuzipa safu nzima ya toleo hili. Tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi pamoja na ya shule zao hatukuyachapa. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa somo hilo.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu, Tabora, anauliza:

Nafundisha Hisabati katika shule ya kata ambako mkondo mmoja una wanafunzi zaidi ya themanini. Ninacho kishikwambi nilichopewa baada ya Sensa ya mwaka 2022, shule ina projekta moja, na umeme hukatika mara kwa mara. Semina tuliyohudhuria ilituhimiza kutumia GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo kwenye skrini. Kila ninapoionesha, wanafunzi hufurahia sana picha zinazocheza ukutani, lakini jaribio la wiki inayofuata halioneshi tofauti yoyote. Je, nakosea wapi, au programu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya shule za wenzetu wenye uwezo?

*Jibu:*

Mwalimu mwenzangu, nianze na hilo la mwisho. GeoGebra ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Walimu na wanafunzi huitumia bila malipo, na ikishawekwa kwenye kompyuta au kishikwambi hufanya kazi hata pasipo intaneti. Kwa hiyo umasikini wa shule yako hauizuii. Kinachoizuia, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kwamba wanafunzi wako wanaoneshwa jibu kabla hawajaulizwa swali. Mtu ambaye hakubashiri chochote hana sababu ya kushangaa, na asiyeshangaa hakumbuki alichokiona.

Chukua grafu ya y = ax² + bx + c, ambayo najua unaifundisha mwaka huu. Katika GeoGebra kila moja ya herufi hizo tatu huwekewa kijistari chenye nukta, na ukiiburuza nukta hiyo, thamani ya herufi hubadilika na mkunjo hubadilika papo hapo. Usiiburuze bado. Acha projekta ioneshe mkunjo wa y = x² + 3 uliotulia, kisha uliza: nikiongeza a kutoka 1 hadi 3, mkunjo utapanuka au utabana? Kila mwanafunzi achore penseli kwenye daftari lake anavyodhani, halafu wanyooshe mikono, wa upande huu na wa upande ule, nawe uandike hesabu yao ubaoni. Baada ya hapo ndipo uburuze. Fanya vivyo hivyo kwa c, ambayo ni rahisi, kwa kuwa hupandisha na kushusha mkunjo wote. Uliza pia a ikiwa 0 itakuwaje, na uwaache wabishane kidogo kabla hawajaona mkunjo ukinyooka na kuwa mstari.

Utamu wenyewe uko kwenye b, na nakushauri uitengee nusu ya kipindi. Wengi watabashiri kwamba b husogeza mkunjo kulia au kushoto tu. Weka a iwe 1 na c iwe 3, uburuze b, nao wataona ncha ya chini ya mkunjo ikitembea kwa njia ya ajabu: inakwenda pembeni huku ikishuka, na hushuka iwe inakwenda kulia au kushoto. Waandike mahali ilipo. b ikiwa 0, ncha iko (0, 3). b ikiwa 2, iko (−1, 2). b ikiwa −2, iko (1, 2). b ikiwa 4, iko (−2, −1). Wakiziweka nukta hizo kwenye karatasi ya grafu wataona kwamba nazo zinafanya mkunjo wa pili, uliopinduliwa, ambao ni y = 3 − x². Sasa zima projekta. Kwa nini iwe hivyo? Ncha hukaa pale ambapo x = −b/2a, yaani b = −2ax, na ukiirudisha thamani hiyo ya b katika mlinganyo wa mwanzo unapata y = c − ax². Mistari hiyo miwili ya aljebra wanaitoa wanafunzi wenyewe kwa chaki, na wataitoa kwa hamu kwa sababu sasa inaeleza kitu walichokiona kwa macho yao na hawakukitarajia.

Umeme ukikatika katikati, somo halifi. Gawa darasa katika makundi ya wanafunzi wanane wanane, kila kundi lipewe thamani yake ya b, litafute ncha kwa mkono, na mwakilishi aje kuibandika nukta yake kwenye bango moja la karatasi ya manila ukutani. Makundi kumi yatatoa nukta kumi, na mkunjo uliopinduliwa utajitokeza polepole mbele ya darasa zima. Nikisema kweli, hata umeme ukiwapo naipenda zaidi njia hii ya pili, maana kila kundi lina kipande chake katika picha, na kundi lililokosea hesabu huiona nukta yake imekaa peke yake, mbali na nyingine, kabla mwalimu hajasema neno.

Projekta iwekee akiba mada ambazo chaki inazishindwa. Dunia kama tufe ni mojawapo: wanafunzi wengi hukariri kwamba urefu wa duara la latitudo hupatikana kwa kuzidisha urefu wa ikweta kwa kosaini ya latitudo, bila kuona inatoka wapi. Tufe likizungushwa kwenye skrini, nalo duara likapandishwa taratibu kutoka ikweta hadi nyuzi 60, wataona wazi kwamba limebaki nusu. Maumbo yenye urefu, upana na kimo, na upangaji wa mistari (linear programming) wa Kidato cha Nne nayo yanafaa. Na kabla ya somo, simama nyuma kabisa ya darasa uone kama mistari inaonekana. Inenepeshe, ukuze namba, funika madirisha ya upande wa jua. Mambo haya ni madogo, lakini wanafunzi thelathini wa nyuma hukosa somo zima kwa ajili yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Morogoro, anauliza:

Kaka yangu alisoma Kenya na alitumia kikokotoo katika mtihani wa mwisho. Sisi tunatumia kitabu cha majedwali. Je, niache kabisa kutumia kikokotoo ninapojisomea?

*Jibu:*

Kikokotoo, na hapa sisemi kile cha mafao ya wastaafu, kinaruhusiwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mradi kisiwe cha kupangiwa programu. Kwetu, katika karatasi za Hisabati za Kidato cha Nne ulizozoea kuzipitia, utakuta ruhusa ni ya majedwali pekee, ilhali wenzako wa Hisabati ya juu wa Kidato cha Sita huulizwa hata swali la kupima namna wanavyokitumia. Kwa hiyo mazoezi yako ya mtihani yafanye kwa majedwali, ili mkono uzoee.

Usikitupe, hata hivyo. Kitumie kukagua ulichokwisha kukikokotoa, na kitumie kukichunguza chenyewe. Chukua kile kidogo cha dukani na kile cha kisayansi, vyote viwili ubonyeze 2 + 3 × 4. Cha kisayansi kitakupa 14, na kile cha dukani, kwa kawaida, 20, kwa sababu hutenda kila tendo pale pale linapobonyezwa. Ukiweza kumweleza jirani yako kwa nini vimetofautiana na kipi kimefuata kanuni, umejifunza zaidi ya ambavyo majibu yote mawili yangekufundisha.

Mama wa mwanafunzi, Mombasa, anauliza:

Mwanangu wa sekondari hupiga picha hesabu za nyumbani kwa simu yangu na simu humpa jibu pamoja na hatua zote. Siku hizi pia huiuliza akili unde (AI). Alama zake za kazi za nyumbani zimepanda sana, ila za mtihani zimeshuka. Mwalimu wake hajui. Nimnyang'anye simu?

*Jibu:*

Mama, uliyoyaona nyumbani kwako yamepimwa kwa makini kwingineko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walifanya jaribio katika shule ya sekondari nchini Uturuki, likihusisha wanafunzi wanaokaribia elfu moja wa somo hilihili. Kundi moja lilifanya mazoezi likisaidiwa na akili unde ya kawaida inayojibu kila inachoulizwa, na alama zake za mazoezi zikawa juu kwa asilimia 48 kuliko za wale waliotumia vitabu na madaftari peke yake. Ulipokuja mtihani usioruhusu msaada wowote, kundi hilohilo likawa chini ya wale wa madaftari kwa asilimia 17.

Kundi la tatu ndilo linalokuhusu zaidi. Lilipewa akili unde hiyohiyo, lakini imeelekezwa, kwa msaada wa walimu, itoe vidokezo tu na isitoe jibu. Mazoezi yao yalipanda kwa asilimia 127, na kwenye mtihani hawakuporomoka. Hawakuwashinda wale wa madaftari, nalo ni jambo la kuzingatiwa na wanaotuuzia programu hizi kwa maneno matamu. Programu za kupiga picha hesabu, kama Photomath iliyotoka Croatia mwaka 2014, zinaweza kutumiwa vizuri au vibaya kwa namna hiyohiyo.

Sioni faida ya kumnyang'anya, kwa kuwa ataipata simu ya rafiki yake. Fanya hivi: kazi ya nyumbani aifanye kwanza kwenye daftari bila simu, hata kama atakwama. Akikwama, aandike hapo hapo amekwama wapi, kisha aiombe simu kidokezo cha hatua moja tu. Akimaliza, wewe chagua mstari mmoja katikati ya kazi yake, si wa mwisho, umwulize umetokea wapi. Huhitaji kujua hesabu ili kufanya hivyo. Mtoto aliyenakili hujulikana kwa kigugumizi chake. Na mwalimu wake mwambie. Hataweza kupanga mafundisho yake ikiwa madaftari anayosahihisha yanamwonesha mwanafunzi asiyekuwapo.

Mkuu wa shule, Mbeya, anauliza:

Wazazi na wahitimu wetu wamechanga fedha ili kuinua ufaulu wa Hisabati. Bodi inapendelea tununue vishikwambi arobaini vya wanafunzi. Mkuu wa idara ya Hisabati anasema fedha hizo zitumike kwa walimu. Ushauri wako ni upi?

*Jibu:*

Niko upande wa mkuu wa idara. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wake kwa mamia ya maelfu, na utafiti uliofuatilia shule za msingi 319 za vijijini ulikuta kwamba watoto walizitumia kweli, lakini alama zao za Hisabati na lugha hazikutofautiana na za shule ambazo hazikupewa. Walimu walikuwa wamepewa kifaa bila kupewa namna mpya ya kufundisha. Vishikwambi arobaini, Mkuu, vinahitaji pia chumba chenye kufuli, soketi za kuchajia, mtu wa kuvitengeneza na fedha ya kubadilisha betri, na nadhani bodi haijaliweka hilo katika hesabu.

Jirani zetu wa Kenya walianza kwingine. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, walianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha Hisabati na sayansi katika sekondari, uliowafunza walimu walio kazini kupanga somo lenye shughuli za wanafunzi, kulifundisha, kulitazama upya na kuliboresha, wakitumia vifaa vinavyopatikana pale shuleni. Nyuma ya hayo kuna desturi ya walimu wa Japani: wanakaa pamoja kuandaa somo moja, mmoja wao analifundisha, wengine wanakaa nyuma ya darasa wakiwatazama wanafunzi, kisha wote wanarudi mezani. Ni kazi ngumu kwa sababu walimu wetu wengi hawajazoea kutazamwa na wenzao isipokuwa mkaguzi akija, na wewe ndiwe utakayeamua kama kutazamwa huko kutakuwa msaada au kutaingia kwenye faili la mtu.

Ningegawa fedha hivi: projekta mbili nzuri na kompyuta mpakato moja ya idara, karatasi za grafu na manila za kutosha mwaka mzima, na sehemu kubwa iliyobaki ilipie muda wa walimu kukutana, pamoja na nauli na chakula cha mchana kwa walimu wa shule jirani watakaoalikwa. Vipindi vya Hisabati vipangwe ili walimu wote wa idara wawe huru alasiri moja kwa wiki. Jambo hilo halina gharama, ila ratiba itakupa kazi.

Mwalimu wa Kidato cha Pili, Kigoma, anauliza:

Nimesoma kuhusu kuwapa wanafunzi video waitazame nyumbani, ili darasani tufanye mazoezi tu. Wanafunzi wangu hawana simu na bwenini haziruhusiwi. Je, nisahau jambo hili?

*Jibu:*

Usilisahau. Njia hiyo ilipata umaarufu kupitia Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa Kemia katika jimbo la Colorado, Marekani, walioanza mwaka 2007 kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Video ilikuwa nyenzo tu. Walichokihamisha ni yale maelezo ya mwanzo, ili muda wa kuwa pamoja na mwalimu utumike pale mwanafunzi anapokwama. Karatasi moja inaweza kufanya kazi hiyo. Andika mfano mmoja uliokokotolewa hatua kwa hatua, uache hatua mbili wazi ili wazijaze, na chini uweke swali moja linalofanana nao. Igawe jana yake wakati wa maandalio ya jioni, karatasi moja kwa wanafunzi wawili ikiwa za kuchapishia ni haba. Kipindi kikianza, kusanya zile hatua mbili, utenge karatasi zilizokosewa kwa aina ya kosa, na uanzie kwenye kosa lenye karatasi nyingi zaidi.