Koili ya kupozea bia ya nyumbani: mita ngapi?

Ndugu yangu wa Mtwara, umeuliza kama koili ya mita 6, yaani bomba la shaba lililozungushwa na kutumbukizwa sufuriani huku maji baridi yakipita ndani yake, inatosha kupoza lita 20 za maji ya kimea yaliyochemshwa kuwa bia. Kwa joto la kwetu, hapana. Tafuta mita 15 za nusu inchi. Ulizia kwa mafundi friji.

Ila urefu peke yake hautakuokoa. Koili haiwezi kushusha joto chini ya lile la maji yanayopita ndani yake, na maji ya bomba huku pwani ni vuguvugu. Anza na hayo hadi nyuzi 40 hivi, kisha tumia pampu ndogo kuzungusha maji ya barafu kutoka kwenye ndoo hadi ufike 20. Ukitanguliza barafu, itayeyuka yote sufuria ingali inaunguza. Koroga taratibu muda wote, la sivyo kitapoa kile kinachogusa shaba tu.

Itumbukize koili dakika 15 kabla ya kuzima moto, mchemko uue vijidudu. Viungio vya mpira vibaki nje ya sufuria: kibano kikilegea, maji mabichi yanadondokea ndani na bia inachacha.