Maswali ya Wasomaji: Sukari imepanda, je, ni dawa?

SWALI: Kituoni kwetu, karibu na Tororo, wagonjwa saba wanaotumia dolutegraviri, dawa ya VVU, wamekutwa na sukari ya juu. Wenzangu wanailaumu dawa. Tutajuaje? — Muuguzi

JIBU: Saba kati ya wangapi, ndugu muuguzi? Wasiwasi wenu una msingi: kliniki moja ya Kampala iliwahi kuripoti wagonjwa waliopandwa na sukari miezi michache baada ya kuhamia dawa hii. Lakini saba peke yake haisemi kitu.

Fungueni rejesta ya ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) mwandike kila aliyeanzishwa dawa, si walioumwa tu: tarehe ya kuanza, umri, uzito, na tarehe ya kuacha, kuhama au kufariki. Waliokuwa na kisukari tangu mwanzo waondoeni. Kisha jumlisheni muda wa kila mmoja, maana wa miezi 3 hawezi kuhesabiwa sawa na wa miezi 24.

Tuseme mmepata saba katika miaka-mtu 400 (jumla ya miaka ambayo wote wametumia dawa), yaani 17.5 kwa kila 1,000. Wa dawa nyingine ni watatu katika miaka-mtu 300, yaani 10 kwa 1,000. Uwiano ni 1.75, na hapo wengi hushangilia mapema. Kwa idadi ndogo hivyo, uwiano wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 0.45 na 6.8. Hamjathibitisha wala kukanusha.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye kipimo chenyewe. Uvumi ukishaenea, kila anayemeza dolutegraviri anatobolewa kidole, wa dawa nyingine hapimwi. Sukari isiyopimwa haionekani. Rejesta za enzi za efavirenzi, dawa ya VVU iliyotangulia, nazo zina kasoro hiyo kama vijiti vya kupimia vilikuwa adimu. Linganisheni waliopimwa kwa ratiba ileile na kwa kiwango kilekile: 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula. Tenganisheni pia kwa umri na uzito, kwani mtu mzima mnene huweza kupata kisukari hata bila dawa hii.

Taarifa kwa Mamlaka ya Dawa ya Taifa (NDA) msiingoje hesabu: jazeni fomu ya madhara ya dawa hata mkiwa na shaka. ARV zisikatishwe bila daktari. Anayeanzishwa metformini, dawa ya kisukari, asizidishe miligramu 1,000 kwa siku, kwa sababu dolutegraviri huipandisha kiwango chake katika damu.