Uzamili wa anthropolojia: anza na daftari la uwandani

Ndugu yangu, umeuliza ujifunze nini kwanza kati ya nadharia, mbinu za mahojiano na programu za kuchambua data, kwa kuwa unaanza uzamili na hujawahi kwenda uwandani. Jibu langu: jifunze kuandika unachokiona. Nilitafiti wauguzi wa zamu ya usiku, na katika yote niliyofundishwa hakuna lililonifaa kuliko hilo.

Mtafiti mgeni huandika, "Muuguzi alimkasirikia daktari." Hiyo ni hukumu tayari. Kilichoonekana ni kwamba aliweka faili mezani wakati daktari amenyoosha mkono kulipokea, akajibu "sawa" bila kuinua macho, kisha akaenda kupanga dawa ambazo zilikwisha kupangwa. Ukiandika hivyo, baada ya miezi miwili unaweza kuurudia ukurasa ukatambua kuwa ulikuwa uchovu, au ndivyo watu wa pale wanavyoepuka ugomvi mbele ya wagonjwa. Ukiandika "alikasirika", huna tena cha kurudia.

Mimi niligawa maelezo sehemu tatu: niliyoyaona, niliyoambiwa kwa maneno ya msemaji mwenyewe, na ninayoyawaza. Wodini niliandika vidokezo tu kwenye kijitabu cha mfukoni, kwa sababu watu wakiona kalamu inakimbia hujirekebisha. Maelezo kamili niliyaandika asubuhi kabla ya kulala, na kabla sijamsimulia mtu yeyote. Ukishasimulia, unaanza kukumbuka ulivyosimulia badala ya ulivyoona. Kazi hii inakula saa nyingi mno, kwa hiyo itengee muda kwenye ratiba ya pendekezo lako la utafiti. Wengi hupanga muda wa kukaa na watu na kusahau wa kuandika.

Mwanaanthropolojia Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand karibu na Papua Guinea Mpya kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918, alisisitiza mambo madogo ya kila siku ambayo hayapatikani kwa kuulizauliza: jinsi watu wanavyokula, sauti wanazotumia wakizungumza, nani ana ukaribu na nani. Mtoa taarifa hakuambii hayo kwa sababu kwake si habari, ni maisha tu.

Mahojiano yaje baadaye, ukishajua cha kuuliza. Na usiyadharau maswali makavu. Mtafiti Rivers, katika safari ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge kwenye Mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898, alikusanya nasaba kwa kutumia maneno machache tu kama baba, mama, mtoto, mume na mke. Kutoka kwenye majina hayo aliweza kufuatilia nani alioa wapi, bila kumwomba mtu amweleze kanuni za ndoa. Niliichukua mbinu hiyo nikaigeuza: kila muuguzi nilimuuliza nani alimfundisha kazi, na yeye amemfundisha nani. Mchoro uliotokea ulinionyesha kwa nini watu fulani hubadilishana zamu bila kumhusisha msimamizi wa wodi. Maswali yangu ya wazi kuhusu "ushirikiano kazini" yalikuwa yameniletea majibu ya adabu tu.

Programu utaijifunza ukishakuwa na maelezo ya kuiwekea. Itakusaidia kupanga na kutafuta, lakini kuamua aya hii inahusu nini ni kazi yako.

Jambo la ridhaa nalisema kwa msisitizo. Fomu iliyosainiwa siku ya kwanza haitoshi, kwani watu husahau kuwa uko kazini, hasa wakishakuzoea. Mtu akianza kunieleza ya nyumbani kwake, nilimkumbusha kwamba mimi ni mtafiti na kumuuliza kama niandike. Wagonjwa hawakuwa sehemu ya ruhusa niliyopewa, kwa hiyo sikuwaandika kabisa, hata pale ambapo tukio lingeipamba sura ya tasnifu yangu. Majina halisi yakae mbali na maelezo tangu siku ya kwanza, usisubiri wakati wa kuandika tasnifu.

Mwisho, mpe msimamizi wako wa tasnifu kurasa ghafi za uwandani, usimpe sura zilizokamilika peke yake. Wangu alikuwa akizungushia kila neno la jumla kama "mara nyingi", "wote" au "kawaida" na kuandika pembeni: nani, lini? Kwa maswali hayo nilirudi wodini nikijua niangalie nini usiku huo.